Bonge la Prayong

Wilaiwan amepima ubora wa mpira wa miti kwenye maabara ya ushirika wetu hapa wilayani Na Thawi kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo mimi nimekaa mlango wa pili, kwenye mizani. Ni mwanamke wa maneno machache na mkaidi kupita kiasi. Nimeshamwambia usoni, hakukasirika.

Mwaka huu mvua ilianza mapema, na wagemaji wakarudia upumbavu wao wa kila mwaka. Wingu likikaribia wakati miti imeshagemwa, mvua itausomba utomvu kwenye vikombe kabla haujaganda. Basi wengine hutia asidi ya betri, na utomvu unaganda papo hapo. Ushirika umepiga marufuku. Atakayebainika anafutwa uanachama, na huku kwetu hakuna mnunuzi mwingine wa maana.

Jumatano asubuhi bonge la mpira ulioganda lililotiliwa shaka lilikuwa la Prayong, kaka yake Wilaiwan. Alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaketi kumtazama dada yake akikata vipande. Vitatu aliviacha mezani, vitatu akaviingiza kwenye tanuri la digrii mia na arobaini kwa nusu saa. Mimi nilijifanya nimefuata karatasi, nikabaki.

Prayong akauliza hilo joto litaona nini ambacho macho hayakioni. Nilidhani dada mtu hatajibu.

"Kaka, ukiinua tambi ndefu kwa uma, si zinavutana mpaka sahani nzima inataka kuja? Mpira ndivyo ulivyo. Molekuli zake ni nyuzi ndefu mno, na kila pingili imepinda upande uleule, kwa hiyo haziwezi kulala zikabanana. Zinajinyonganyonga tu. Ila zimesukana, na ncha zake zimeshikwa na protini na mafuta ya utomvu. Ndiyo maana ukivuta, zinarudi."

"Na asidi?"

"Asidi ile inaharibu kinachozilinda. Joto likija, zinakatika. Uzi mfupi hauna cha kuushika, unateleza kando ya mwenzake na haurudi tena. Ulitia?"

Prayong akatazama saa ya ukutani. Akasema wingu lilikuwa limeshavuka kilima, na miti mia tatu ilikuwa imeshagemwa. Hakusema hapana.

Kisha akaanza kusema taratibu, na hapo nikatamani ningekuwa nimeondoka. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akashika kisu cha kugemea ili mdogo wake aende chuo. Hajawahi kumkumbusha hata siku moja.

"Mimi niligema, wewe ukasoma," alisema. "Leo nakuomba namba moja tu."

Namba hiyo ni asilimia ya mnyumbuko unaobaki baada ya tanuri, na inayotakiwa ni arobaini kwenda juu. Nasema kweli, ningekuwa mimi ningeiandika, tena bila kupepesa macho.

Kengele ya tanuri ikalia. Wilaiwan akaacha vipande vipoe, akavibana kimoja kimoja kwenye mashine. Vile vya mezani vilijitutumua vikapanda. Vilivyotoka tanurini vililala bapa kama ubani uliotafunwa. Akapiga hesabu mara mbili, majibu yaleyale, ishirini na mbili. Akashika kalamu.

"Arobaini na moja, mdogo wangu. Nani atajua?"

"Mwenye tairi," akasema Wilaiwan, akaandika ishirini na mbili, akatia sahihi.

Prayong akavaa viatu vyake bila haraka. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kuunganisha viganja na kumwinamia mkubwa wake. Mkubwa hupokea tu. Prayong akasimama mlangoni, akaunganisha viganja vyake vyenye madoa ya utomvu, akamwinamia dada yake kama mtu anavyomwinamia afisa asiyemfahamu. Machozi yakamtoka Wilaiwan. Naye akaunganisha viganja, akainama chini kabisa, chini kuliko kaka yake, lakini Prayong alikuwa ameshampa kisogo.