Chonge Nyeusi ya Fereti wa Mama Kevin

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki ya wanyama pale Carrollton, niliumwa kidole na fereti kabla sijavua koti. Fereti, kwa asiyemjua, ni mnyama mrefu mwembamba, jamaa wa kicheche, na Wamarekani humfuga ndani kama paka. Daktari Mkuu, mama mfupi asiyecheka ovyo, alinitazama nikikipuliza kidole. "Mshike ngozi ya shingoni, umning'inize," akasema. Nikamshika. Yule mnyama akapiga mwayo mpana, meno yote nje, nami nikapiga wangu. Hiyo kazi niliipenda papo hapo.

Kwa Daktari Mkuu nilijifunza meno. Ukoga, ule uchafu wa manjano unaoganda juu ya jino, tuliuzuia kwa mswaki mdogo na dawa ya meno ya wanyama, si ya watu abadani. Chonge, yale meno marefu ya mbele, tulizikagua ncha. Fereti hupenda kutafuna vyuma vya kizimba, chonge ikavunjika. Ncha ikiwa nyeusi, mara nyingi jino hilo limekufa.

Baadaye nilihamia Houston, kliniki ya Sharpstown, chini ya Daktari Kijana, mtu wa mizaha. Wateja wote wanaosema Kiswahili alinisukumia mimi. Ndipo akaja Mama Kevin wa mtaa wa Alief, nesi Mkenya. Mwanawe alikwenda chuo akamwachia fereti, na chonge moja ilikuwa nyeusi.

"Mzee Salim, Kevin hanipigii simu kunijulia hali," aliniambia. "Anapiga kila jioni kuuliza huyu panya wake ameshindaje. Huyu akikufa, nani atanipigia?"

Tukapanga siku ya kung'oa. Nilimwambia amnyime chakula saa chache tu, maana sukari ya damu ya fereti hushuka upesi. Siku yenyewe akamleta amelegea kama kitambaa.

"Nimem-fast tangu usiku," akasema. "Wagonjwa wangu wote hukaa bila kula hivyo kabla ya kupasuliwa. Ulisema saa chache, nikaona nizidishe, ndio awe salama."

Mimi hupenda utani, lakini siku hiyo ulinikauka. Daktari Kijana akampaka fereti maji ya sukari kwenye fizi, akamwekea dripu. Tukangoja. Ulimi ukachomoza, ukalamba. Mara akaanza kukitafuta kidole changu aking'ate, na wallahi nilifurahi kama nimezaliwa upya. Alasiri akapewa nusukaputi, dawa ya usingizi, jino likatoka salama.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza, kusafisha meno ya vicheche kulinipa nini? Nawasimulia jioni ile. Mama Kevin amempakata fereti anayezinduka, simu ikalia. Akaiweka spika.

"Kevin, ako sawa. Jino limetoka."

Kevin akashusha pumzi. "Na wewe, Mum? Umekula?"

Mama Kevin hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Akacheka huku machozi yakimtoka. "Bado, babangu," akasema.

Nikaenda kumtafutia chai.