Ile Nyota ya Kompyuta ya Ba Kapembwa

Aibu nimeziona nyingi maishani mwangu, nimeanguka kutoka mutumbwini mbele ya wakwe, nimeimba ubeti wa tatu kanisani peke yangu wakati kwaya yote imeshakaa chini, lakini aibu ya siku ya mukutano wa barafu ni ya aina ingine kabisa, maana hata leo nikiwa peke yangu naanika chisense, vidagaa vyetu, inanirudia tu kichwani, nafunika uso na kitenge na kulia "mayo!" kwa sauti mpaka kuku wanakimbia. Bon, mumeniomba nieleze, naeleza. Lakini mutu akicheka kabla sijafika kwenye mabega, nanyamaza.

Mimi ndiye sekretere wa chama chetu cha wamama wa samaki hapa Nchelenge, kando ya ziwa. Nusu yetu tulivuka kutoka upande wa Congo, nusu ni Wabemba wa hapa hapa, na tukikaa pamoja tunasikilizana kwa Swahili ya soko. (Walinichagua sekretere kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Akili hawakuuliza.) Prezidente wetu ni Mama Anjelike, mwanamuke mukubwa wa mwili na wa sauti, ambaye akishika mikrofoni unaweza kwenda nyumbani, kupika, kula, kuosha sahani, na ukirudi bado yuko kwenye salamu.

Sasa, tulikuwa tunataka mashine ya barafu. Samaki wa kisiwa cha Chisenga wanafika bandarini wakati jua limeshawapiga njia nzima, na mutu akikutazama ukiuza samaki wa namna ile anakutazama kama mwizi. Kwa hiyo tulisikia furaha sana kuambiwa kwamba mukubwa mumoja wa boma, ofisi ya serikali, atakuja kusikiliza ombi letu. Mama Anjelike akaniambia, "Sekretere, barua ipigwe na mashine. Barua ya mukono inanuka samaki."

Ndipo nikaenda kwa Ba Kapembwa. Huyu ni mzee aliyekuwa karani miaka mingi, na sasa ana kibanda cha kuchapa karatasi kwenye njia ya bandari, na ndani yake kuna kompyuta ya kale, tumbo lake linatoka nyuma kama nyungu, kioo cheusi, herufi nyeupe, kipanya hakuna. Macho ya Ba Kapembwa yamechoka, kwa hiyo alikataa kuchapa mwenyewe, akasema atanifundisha mimi.

"Hapa hakuna picha za kubonyeza," akasema. "Hapa unaandika amri na yenyewe inatii. Ukiikosea amri, inatii vilevile. Umesikia, Mama Sifa?"

"Nimesikia, mukwai."

Siku ya kwanza nikaandika faili SALAMU, ndiyo mwanzo wa barua, heshima kwa mukubwa na kadhalika. Halafu akanifundisha DIR, unaandika herufi tatu tu na majina ya faili zako zote yanashuka moja chini ya ingine, halafu COPY, halafu REN ya kubadili jina, halafu DEL ya kufuta, na mimi nikajisikia kama jenerali mbele ya jeshi. Nikirudi nyumbani namuambia bwana wa jirani yangu, "Leo nimefuta faili mbili," na yeye anasema "Pole."

Ili nizoee, Ba Kapembwa akaniambia niandike faili ndogo ndogo, chochote kinachonijia kichwani, nizikopi, nizibadili majina, mwisho nizifute. Chochote! Musiambie mwanamuke aliyekaa kimya kwenye mikutano miaka mitano aandike chochote. Ya kwanza ilikuwa vitu vya kununua sokoni. Ya pili ilimuhusu Mama Anjelike. Ya tatu ilimuhusu Ba Musonda, mukalimani wetu, ambaye mukewe alifariki zamani na ambaye (sasa munaanza kucheka, naona) ana mabega. Ya ine ilihusu wakubwa wa boma, na hiyo siisemi hapa. Nilizikopi, nilizibadili majina, ilikuwa furaha. Kuzifuta nikasema nitafuta kesho. Halafu nikaendelea na barua: faili OMBI, faili MWISHO, zote ndani ya dosye ile ile ya mazoezi, kwa sababu kuhama dosye ni amri ingine na mimi nilikuwa muvivu.

Asubuhi ya mukutano nikafika kuunganisha vipande vitatu vya barua viwe faili moja. Amri yake inataka uandike majina yote matatu na alama ya kujumlisha katikati, na mimi nachapa na kidole kimoja, na umeme ulikuwa unakatwa saa ine kamili kila siku wiki ile. Saa ilikuwa inaenda saa ine kasoro kidogo. Nje, Mama Anjelike amesimama na kitenge kipya, anapiga mulango: "Sekretere! Mukubwa ameshapita barabarani!"

Sasa, siku moja kabla yake Ba Kapembwa alikuwa amenionyesha nyota. Ukiweka nyota mahali pa jina, kompyuta inachukua faili zote kwa mupigo mumoja. Alinionya pia, alisema nyota haiangalii sura ya mutu, lakini onyo lenyewe lilinitoka kichwani, nikabaki na nyota. Nikaandika: kopi, nyota, barua. Nikabonyeza. Kioo kikaniambia faili moja imekopiwa. Moja! Barua moja, kama nilivyotaka. Nikatoa amri ya kuchapa, mashine ikaanza kulia krii krii krii, ukurasa wa kwanza ukatoka, nikausoma: salamu, heshima, kila kitu sawa. Nikasema asante Yesu, na Mama Anjelike akaingia, akakata karatasi zote, akazikunja na akaondoka nazo kabla umeme haujakatika.

Bandarini kulikuwa na hema, viti, watu wengi mpaka wavuvi walioacha nyavu zao. Mukubwa wa boma amekaa mbele, Ba Musonda amesimama kando na shati jeupe kusudi ageuze Swahili iwe Kibemba. Mimi niko mustari wa pili, nashika chupa za maji ya wageni, nimejaa sifa kama jina langu.

Mama Anjelike akasoma salamu, Ba Musonda akageuza, watu wakapiga mikono. Akafunua ukurasa.

"Chumvi," akasoma. "Sabuni mbili. Dawa ya viroboto."

Ba Musonda akageuza vilevile, kwa heshima zote, na watu (mutaamini?) wakapiga mikono! Wamama wa nyuma wakapiga na vigelegele, "Ee, hata viroboto!" Mukubwa akaandika kitu katika kitabu chake.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikainua mukono.

"Sekretere, kaa," akasema Mama Anjelike kwenye mikrofoni. "Wakati wako utafika." Na akaendelea, kwa sauti ile ile ya serikali: "Mama Prezidente anaongea mpaka samaki wanakauka bila jua."

Alikuwa ameshaimaliza sentensi kabla ya kuisikia. Ba Musonda akatazama viatu vyake, halafu, maskini, kazi ni kazi, akageuza. Basi wale ambao hawakusikia Swahili wakasikia kwa Kibemba, na kicheko kikaanza mbele, kikaenda nyuma, kikatoka mpaka kwenye mitumbwi.

Mama Anjelike akashusha karatasi, akanitafuta kwa macho, akanipata. Halafu akaangalia tena chini, akasoma kimya mustari unaofuata, na nikaona mudomo wake unafunguka polepole kama mulango wa stoo. Alielewa kwamba ni mimi nimeandika. Na alisoma ule mustari kwa raha, neno kwa neno, kama anasoma Zaburi:

"Ba Musonda ana mabega mazuri. Akigeuza maneno, mimi naangalia mabega, maneno siyasikii."

Mama zangu, nilitamani ziwa linifuate pale pale nilipokuwa. Chupa ya maji ilianguka, ikamwagika kwenye viatu vya mugeni. Ba Musonda akafungua mudomo, akafunga, akafungua tena, na akasema kwa Kibemba kwamba sekretere anaomba mizani ya samaki. Mizani! Wanaojua lugha zote mbili walianguka kutoka vitini kwa kicheko.

Nilijua kinachofuata. Faili ya ine. Nikafumba macho. Lakini sikusikia kitu. Nikafumbua, nikamuona Mama Anjelike anasoma kimya, uso umebadilika, hacheki tena. Akamutazama mukubwa wa boma. Akakunja karatasi zote mara mbili, akaziweka kifuani ndani ya nguo, na akaanza kuongea bila karatasi.

Alieleza barafu. Alieleza safari kutoka Chisenga, mama aliyezaa ndani ya boti juu ya vikapu kwa sababu hakutaka samaki wake wafike peke yao wakaoza, harufu, aibu ya kukataliwa sokoni. Aliongea muda murefu sana na hakuna mutu aliyesimama. Barua yangu haikuwa na hata robo ya yale. Mukubwa mwenyewe akafunga kitabu, akasikiliza na mukono kwenye shavu, na mwisho akasema atatuma watu wapime kiwanja cha mashine, na walikuja kweli kukipima. (Mashine bado. Kiwanja tunacho.)

Jioni ile nilienda kwa Mama Anjelike, nikapiga magoti mulangoni.

"Mama, nisamehe. Ilikuwa zoezi tu."

"Simama, unachafua kitenge." Akatoa ile karatasi. "Ya kwangu nimekusamehe, na nimejilipa kwa mabega. Lakini hii ya wakubwa, kwamba wanakuja kula samaki wetu na kutuachia ahadi na mifupa? Ningeisoma hii, Sifa, mashine ya barafu ingekuwa wapi? Na wewe ungekuwa wapi?"

Nikanyoosha mukono niichukue, niichome.

"Awe, hapana," akasema, akairudisha kifuani. "Hii inabaki kwangu."

Ba Musonda alinikuta sokoni siku ya tatu, akasimama, akauliza taratibu, "Ile ya mabega, ni kweli?" Nikasema ilikuwa zoezi. "Ah," akasema. "Zoezi." Akaenda zake, na Jumapili alikuja kanisani na shati linalombana.

Mimi nimeapa. Sibonyezi nyota tena maisha yangu, naandika majina yote, hata umeme ukatike, hata mulango uvunjike, na neno juu ya mutu siandiki popote ikiwa siwezi kumuambia usoni. Na mukiona Mama Prezidente akisema "Sekretere, njoo," na mimi nimeshasimama kabla hajamaliza, musiulize kwa nini. Karatasi bado iko naye.