Gari Jekundu, Gari la Bluu na Mama Mkwe

Wewe unayeweka akiba ya gari lako la kwanza, sogeza kiti hapa tuzungumze. Sitakuchosha, na nikitaja jambo la ufundi nitalieleza mpaka likae sawa. Ni habari ya juma moja tu, likizo fupi ya Septemba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipotakiwa kuchagua kati ya magari mawili yaliyotumika. Mpaka leo nikiisimulia mguu wangu wa kulia unatafuta pedali.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea. Kuendesha nilijifunza miaka ya tisini, kwenye pikapu ya mjomba wangu aliyekuwa akisomba korosho. Ile pikapu kuiwasha ilitaka watu wanne wa kuisukuma, na kuisimamisha ilitaka uanze kufikiria mapema. Basi nilipoanza kuota gari langu mwenyewe, niliota kitu kinachoruka. Nilitaka yale magari mafupi ya Kijapani yaliyokatwa mgongo, ambayo mlango wa nyuma hunyanyuka juu pamoja na kioo chake, na injini yake ndogo imeundwa ikimbie kuliko umbo linavyoonyesha. Nikiliona moja limeegeshwa sokoni, nilikuwa nalizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe.

Mke wangu naye alikuwa na lake. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto wetu wa kwanza. Mama yake aliishi Chinongwe, upande wa Ruangwa, na kwa watu wa kwao mtoto wa kwanza hazaliwi bibi akiwa mbali. Lakini mwaka uliotangulia, mama huyo alianguka akishuka kwenye lori la ufuta, akaumia nyonga. Tangu siku ile alitembea na fimbo, na akaapa kwamba hapandi tena chombo cha kuparamia.

"Nunua gari lolote unalolitaka," mke wangu aliniambia. "Mimi naomba kitu kimoja. Mama aingie humo, aje akae na mimi mpaka nijifungue."

"Hilo tu?" nikamjibu. "Gari ni gari."

Neno hilo nililisema nikiwa nimeshapenda gari moja jekundu.

Lile jekundu lilikuwa pale pale Nachingwea, kwa muuza vipuri vya baiskeli. Lilikuwa na milango miwili tu ya ubavuni, mmoja wa dereva na mmoja wa mwenzake, ukiacha ule wa nyuma wa mizigo. Rimu zilikuwa za spoti, juu ya kioo cha nyuma kulikuwa na bawa dogo, na viti vya mbele vilikukumbatia mbavuni kama vinakujua.

"Mwalimu," muuzaji alisema huku akifuta boneti kwa kiwiko cha shati, "hii siyo gari, hii ni mashine. Ukikanyaga, kofia yako utaikuta barabarani kesho."

Hata hivyo sikuwa mjinga kabisa. Mjomba alinifundisha kwamba gari lililotumika hukaguliwa asubuhi, kabla halijawashwa. Niliweka kiganja juu ya boneti. Ingekuwa ya moto, ningejua mwenye gari ameniwahi akalipasha, maana gari lenye ugonjwa huuficha likishapata joto. Ilikuwa baridi. Nikafungua kifuniko cha oili nikatazama ndani yake. Ukikuta utando mweupe kama uji, ujue maji yanaingia kwenye oili, aga uende zako. Hapakuwa na utando. Tukaliwasha nikaenda kusimama nyuma kutazama moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakunywa oili yake yenyewe, na mweusi maana yake inachoma petroli kupita kiasi. Hapakuwa na wa bluu wala mweusi, ila muungurumo mzito uliopita kwenye nyayo za viatu vyangu ukapanda mpaka magotini. Nikajikuta nacheka.

Nililijaribu kwenye barabara ya Mtua. Gia ya kwanza, gia ya pili, na pale kwenye ya pili mshale wa mwendo ukapanda, kiti kikanisukuma mgongoni, vumbi jekundu likainuka nyuma yangu kama ukuta. Kuku walinipisha wenyewe. Niliporudi, muuzaji aliniangalia usoni tu akasema, "Basi, usiniambie. Nimeona."

Lile la pili lilikuwa Ruangwa, la bibi shamba mmoja, mtaalamu wa kilimo wa serikali, aliyekuwa amepata uhamisho. Injini ilikuwa ya aina ile ile, na gia tano za mkono vilevile. Lakini lilikuwa la bluu iliyopauka juu ya paa kwa jua, halina bawa, taa moja ndogo ya mbele imeng'oka, na lina milango minne ya ubavuni, kama gari la mtu mwenye adabu zake. Nililikagua boneti, oili na moshi, vyote vizuri. Lakini nililitazama kama unavyomtazama shemeji aliyekuja kukusalimia: kwa heshima, basi.

"Mwalimu," bibi shamba aliniambia, mikono kiunoni, "mbona unalikagua huku umeshaaga?"

Nikasema nitafikiri. Naye akasema nifikiri mpaka Jumamosi, kwa kuwa Jumapili anaondoka. Na yule wa Nachingwea naye alikuwa na mteja wa kutoka Masasi anayekuja Jumamosi hiyo hiyo. Kwa hiyo nilikuwa na siku tatu.

Siku ya Alhamisi muuza vipuri, ambaye nilikuwa nimemfundishia watoto, alinipa ufunguo wa jekundu. Nikamchukua mke wangu tukaenda Chinongwe kumleta mama. Niliosha gari kabla ya kuondoka, jambo la kuchekesha kwa barabara ile. Njiani mke wangu alishika dashibodi kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, nami nilimweleza kila kitu: kwa nini gari fupi linakata kona vizuri, kwa nini matairi mapana yanashika changarawe. Alikuwa akitabasamu. Nilidhani ni kwa ajili ya matairi.

Tulipofika, uani walikuwepo shangazi wawili wa mke wangu wakipepeta ufuta. Mama mkwe alikuwa tayari. Alivaa khanga mpya doti nzima, kifurushi chake kimefungwa, fimbo mkononi. Alikuwa ameamua kwenda. Hilo ulikumbuke.

Sasa nikueleze desturi, kama huijui. Kule, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inakuwa kama kuogopana. Hatusimami karibu, hatutazamani usoni, na akitaka kuniambia jambo anampa mtu mwingine alifikishe, hata kama nimesimama hatua tano tu nasikia. Kukaa kiti cha mbele ubavu kwa ubavu na mimi lilikuwa jambo lisilofikirika. Mahali pake palikuwa nyuma.

Alilizunguka gari polepole upande wa kushoto. Akalizunguka upande wa kulia. Akasimama.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "muulize mwenzio, mlango wangu uko wapi?"

Hapo ndipo ualimu wangu uliponiponza. Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilifurahi kwamba nimeulizwa swali. Nikasema, "Mwambie mama ni rahisi sana, kiti hiki kinalala mbele, halafu mtu anapita hivi." Nikakilaza kiti, nikaonyesha mfano. Niliingia kichwa kwanza, nikajikunja, nikapita, nikakaa nyuma nikiwa mshindi. Halafu nikaonyesha namna ya kutoka.

Wewe jaribu siku moja kutoka kiti cha nyuma cha gari la milango miwili. Mguu wa kwanza ulitoka vizuri. Mkanda wa kiti ukanishika bega, nikageuka kujinasua, na nilipogeuka nikaanza kutoka kinyumenyume. Kilichofuata kutoka mbele ya mama mkwe wangu, na mbele ya shangazi wawili, kilikuwa makalio ya mwalimu.

Ungo wa ufuta ulidondoka. Shangazi mmoja alikaa chini kabisa akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, mkwe anazaliwa!" akapiga kelele. "Mvuteni, mvuteni, ametanguliza miguu!"

Mama mkwe alikuwa amejifunika uso wote kwa khanga na kugeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika, sikujua kwa kicheko au kwa aibu. Mwisho sauti yake ikatoka ndani ya khanga, taratibu.

"Mwambie mwenzio asante kwa kunionyesha. Sasa nimejua nitakavyotoka mimi mbele yake."

Mke wangu alisema yeye atapita nyuma, mama akae mbele. Lakini tumbo lake halikupita, na hata lingepita, mama asingekaa. Mama mkwe akaokota kifurushi chake. "Nendeni salama," akasema. "Mtoto akizaliwa mtaniletea nimwone."

Kurudi Nachingwea niliendesha vibaya. Gari lilikuwa zuri vilevile, na hilo ndilo lililonikera. Kwenye kona niliyoipenda mke wangu hakushika dashibodi, alikuwa akifuta macho.

"Labda atazoea," nikasema. "Tukimwekea kigoda kidogo cha kukanyagia..."

"Wewe uliingia ukakwama," akanijibu, "na nyonga zako ni nzima."

Tukaenda kama kilometa tano. Kisha akasema, bila hasira, "Ulisema gari ni gari."

Ijumaa asubuhi nilirudisha ufunguo. Muuza vipuri aliuliza kama ninachukua. Nikamwambia anisubiri mpaka Jumamosi jioni, akaniambia mteja wa Masasi hasubirishwi. Tukapanda basi mimi na mke wangu mpaka Ruangwa, tukamkuta bibi shamba anafunga magodoro.

"Umerudi kumalizia kuaga?" akauliza.

Nikamweleza shida yetu yote, pamoja na ile sehemu ya makalio, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshaanza kuisimulia. Bibi shamba alicheka mpaka akaacha godoro. Akasema twende Chinongwe sasa hivi, ila yeye anakuja nasi, na anakaa mbele, kwa kuwa gari bado ni lake. Sikumwambia jinsi alivyokuwa amenitatulia jambo kubwa: mahali pa mbele pameshapata mtu.

Safari hii sikuosha kitu wala sikueleza kitu. Tulipofika nilishuka, nikaenda kusimama mbali upande wa pili, nikatazama mikorosho. Nilisikia tu. Mlango wa nyuma ulifunguka. Fimbo iligonga chini mara moja. Kisha nikasikia kiti kikilalamika kidogo, na mlango ukafungwa. Ukafunguliwa tena. Ukafungwa tena, kwa nguvu zaidi.

"Ameshakaa," mke wangu akaniita. Sauti yake ilikuwa juu kama ya msichana wa shule. "Njoo, ameshakaa! Kaanza kwa kuketi, halafu akaingiza miguu. Mwenyewe!"

Nikaingia nikitazama mbele tu. Nikaliondoa gari taratibu, gia ya kwanza, ya pili, nikikwepa kila jiwe kwa ajili ya ile nyonga. Tulikwenda hivyo dakika kumi. Ndipo nikasikia minong'ono nyuma, na mke wangu akakohoa.

"Mama anasema nikuulize," akasema, "mbona unakwenda kama umebeba mayai?"

Bibi shamba alinigeukia. "Si umesikia? Hiyo injini siyo ya kubembeleza. Kanyaga."

Nikakanyaga. Na hapo, ndugu yangu, kwenye gia ya pili, lile gari la bluu lililopauka, lisilo na bawa, lilinisukuma mgongoni vilevile kama jekundu! Mshale ulipanda, vumbi likasimama nyuma yetu, changarawe zikapiga chini kama mvua ya kwanza. Kwenye kioo nilimwona mke wangu amemshika mama yake mkono, wote wawili vinywa wazi. Kisha nikasikia kicheko nisichokijua, kizito cha kifuani. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia mama mkwe akicheka bila khanga usoni.

"Mwambie," akasema kwa sauti, amesahau kunong'ona, "mwambie aendelee hivyo hivyo!"

Tulilichukua la bluu. Lile jekundu lilikwenda Masasi, na sitakudanganya, kwa miaka kadhaa nikisikia muungurumo kama ule nilikuwa nageuza shingo. Lakini mwezi Novemba binti yetu alizaliwa hospitali ya Nachingwea, na mtu wa kwanza kumpokea kutoka mikononi mwa mkunga alikuwa bibi yake, fimbo imeegemezwa ukutani.

Basi na wewe kagua boneti, oili na moshi kama nilivyokueleza. Halafu, kabla hujatoa hela, mchukue mtu utakayembeba mara nyingi zaidi umpeleke kwenye gari. Mwache aingie na kutoka mwenyewe mara mbili. Usimwonyeshe mfano wala usimshike mkono. Simama kando, unyamaze, umsubiri amalize.