Pudingi ya Mama Mkwe

Shule niliiacha darasa la nne, lakini uliza mtu yeyote wa kwetu hapa Tottenham ni nani anayejua kugeuza mkate mkavu ukawa chakula cha kumshukuru Mungu. Watakutajia mimi. Nilianza kwa kudeki jiko la nyumba moja ya wazee huko Croydon, miaka ya tisini, na mpishi wao, bibi wa Kiingereza mwenye miguu iliyovimba, akanifundisha. "Mkono wako mzito," alikuwa akiniambia, "huo mkate umekukosea nini?" Pudingi yake ilikuwa mkate wa juzi, siagi kidogo, zabibu kavu, mayai mawili, sukari. Unauacha unywe maziwa kwanza, ndipo oveni. Baada ya miezi mitatu wazee walikuwa wanauliza kama leo napika mimi.

Miaka michache baadaye mama mkwe akatufikia kutoka nyumbani, mgonjwa wa tumbo, amebaki mifupa. Daktari alisema ale vitu laini, kidogo kidogo, la sivyo hatauvuka msimu wa baridi. Fleti yetu ya kaunsili, ya kupanga kwa serikali ya mtaa, ilikuwa na chumba kimoja. Tukampa, sisi tukalala sebuleni. Sasa, kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, sembuse kula alichopika. Hata salamu tulipeana kupitia mlango. Lakini mke wangu alitoka alfajiri kwenda kusafisha uwanja wa ndege, akirudi hana nguvu ya kuvua viatu. Wa kushika sufuria nilibaki mimi.

"Pika," mke wangu akaniambia, "ila huo mdomo ufunge. Mama ajue nimepika mimi kabla ya kutoka."

Nikapika. Supu ya viazi na karoti, wali wa maziwa uliookwa hadi juu ukashika rangi, pudingi ya mkate na kastadi, ule uji mtamu wa maziwa na mayai wa kumwagia juu. Naweka bakuli mlangoni, nagonga, naenda zangu. Bakuli lilirudi limekombwa. Wiki ya tatu nikamsikia akiimba humo ndani.

Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona. Mlango ulikuwa wazi, mimi niko jikoni. Akawagawia pudingi.

"Onjeni. Binti yangu, na kazi yote ile, bado ananikumbuka."

"Mama, ulizaa," mmoja akasema. "Na huyu mume, kazi yake hapa ni nini, kula tu?"

Wakacheka. Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikatokea na taulo la vyombo begani. "Hiyo pudingi ni mkono wangu, akina mama. Tangu amefika, kila alichokula hapa nimepika mimi."

Mama mkwe aliweka kijiko chini, akavuta kitenge akajifunika uso.

Tangu siku hiyo alikula tu alichoona kinapikwa na binti yake. Mke wangu alipika na koti bado mwilini, mimi nikimwelekeza kutoka sebuleni, na pudingi ikatoka ngumu chini, maji juu. Mama alikula vijiko viwili, akasema ameshiba. Mimi sikuacha kuweka bakuli langu mlangoni. Lilikaa hapo hadi kastadi ikashika utando.

Siku moja nikamwomba kupitia mlango. "Mama, kula. Hakuna wa kwetu anayetuona."

"Mimi najiona, mkwe wangu," akasema. "Umenilisha kama mtoto mchanga. Sina ubaya na wewe. Niache tu."

Februari wakamlaza. Hospitalini walimletea wali wa maziwa kwenye trei, umepikwa na mwanaume gani sijui, naye akala, mke wangu akimshikia kijiko. Vijiko vitatu. Tumbo lilikuwa halipokei tena, na msimu wa baridi hakuuvuka.

Leo nina jiko langu mwenyewe huko Hayes, nalisha wafanyakazi wa maghala, na pudingi ya mkate huisha kabla ya saa saba. Nikileta kipande nyumbani, mke wangu hukiweka kwenye friji, na siku ya takataka hukitupa. Hajawahi kunisema kwa ile Jumapili. Nami sijamuuliza.