Zamu ya Kadzo Bombani

Asubuhi ile ya mwisho, siku ya Jumatano, Kadzo alikunywa chai ya rangi amesimama, leso begani, mlango wazi. Mumewe, Mzee Nguma, akamwambia akae kidogo.

"Nikikaa nani ataniinua? Wewe, na hicho kiuno chako?"

Akacheka, akashika njia. Nguma akaosha kikombe.

Miaka kumi na tisa Kadzo alishona kola za mashati kwenye kiwanda kimoja cha nguo huko Miritini. Kola sitini kwa saa. Anayebaki nyuma, msimamizi humtaja jina mbele ya wote. Wasichana walikuwa wakijifungia chooni kulia, wakirudi kazi inazidi kuharibika.

Kadzo ndiye aliyewatafutia njia. Kila siku mmoja wao atoke, aende bombani nyuma ya stoo, anawe uso, akae dakika kumi asisemeshwe na mtu. Wenziwe wamshonee kola zake. Kesho yake mwengine. Msimamizi aliona, akawaacha, maana kola zilitimia.

Mwaka jana presha ikampata Kadzo. Daktari akamwambia apumzike. Basi Nguma akawa anamuuliza kila jioni.

"Umekwenda bombani leo?"

"Wiki hii nimekwenda, mzee wangu. Kwani bomba limehama?"

Nguma akaridhika.

Jumatano hiyo Kadzo aliangukia cherehani. Hospitali walimfikisha ameshakata roho.

Siku ya tatu ya matanga wanawake wa kiwandani walikuja. Margret, aliyekaa cherehani ya kando yake, akaketi mkekani karibu na Nguma. Nguma hakuwa amelia. Alishika kikombe, chai imepoa, hajui nani kampa.

"Alau alikuwa akipumzika pale bombani," akasema.

Margret akainamisha kichwa.

"Baba, hakuwa akienda."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka uanze. Zamu yake ikifika humpa mwengine. Tukimshurutisha, anatuchekesha."

Nguma akaweka kikombe chini.

"Na Jumatano?"

"Ilikuwa zamu yake. Akanipa mimi."

"Alisemaje?"

Margret akajifuta uso kwa ncha ya leso, akayarudia kama alivyoyasikia:

"Nenda wewe, Margret, uso umekukunjamana kama ndimu iliyokamuliwa. Mie n'takwenda kesho."