Vidonge vya Kupunguza Joto

Kazi yangu ni kupunguza joto. Kuna mtambo mdogo unaotoa umeme kwenye gesi bila kuwasha moto, na moyo wake ni kipande chembamba cha kauri kinachopitisha oksijeni. Tabu ni kwamba kauri hiyo haikubali kazi mpaka ifike nyuzi mia nane, na kwa joto hilo vyuma vinavyoizunguka huchakaa upesi. Basi nachanganya poda, naikandamiza iwe vidonge, navichoma kwenye tanuri, kisha napima kama vitakubali mia tano. Havijakubali.

Likizo moja nikiwa nyumbani Rhotia, mama aliniuliza ninafanya nini huko chuoni. Nikatafuta Kiswahili chepesi. "Natengeneza vidonge vya kupunguza joto." Nikamwonyesha kopo la vile vilivyoharibika: vyeupe, vya mviringo, vya kupendeza tu. Mama alifurahi kuliko siku niliyopata shahada ya uzamivu, na Jumapili akawatangazia wenzake nje ya kanisa. Njia nzima wakaniita Dokta. Cheo hicho nilikuwa nacho kihalali, nikaitika.

Kesho yake asubuhi jirani yetu, bibi mmoja mkulima wa maharage, aliingia na mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa anawaka. Nilipotoka chumbani, mama ameshafungua kopo na anasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko. Kilikuwa kigumu, hakisagiki. Nalishukuru tanuri mpaka leo.

"Dokta," bibi akasema, "tumpe nusu au kizima?"

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mama yangu. Nikaita bodaboda, tukabanana mimi, bibi na mtoto hadi kituo cha afya. Wakampima damu, wakampa dawa. Jioni alikuwa anakula kiazi na kumvuta paka mkia.

Baada ya chakula mama akaniuliza:

"Sasa hivyo vyako vinapunguza joto la nani?"

"La mtambo, mama."

Akafikiri. "Mtoto amepata nafuu kutwa moja. Huo mtambo unauuguza mwaka wa ngapi huu?"

"Wa sita."

"Pole sana, mwanangu," akasema, bila utani hata chembe, akanimiminia chai. Ilikuwa pole ya kwanza kupewa kwa kazi ile, na ilinigusa kuliko nilivyotaka.