Mama Lenzi na Kulabu Mpya

Mama mkwe wangu haangalii kito usoni. Mpelekee hereni, mpelekee bruchi ya kubania mtandio, kitu cha kwanza anakigeuza. "Uso ni wa kuwafurahisha watu," husema, "umri uko mgongoni." Kisha anabandika jichoni kile kioo chake kidogo cha kukuzia, ambacho kimempa jina mtaa mzima, Mama Lenzi, na hapo jiandae kuumia.

Nimefanya naye kazi dukani tangu niolewe na mwanawe, na haki ya Mungu, anajua. Vito vya zamani kavipanga kwa enzi, na kila enzi kaipa jina lake mwenyewe. Kuna enzi ya msiba: mawe meusi, na nywele za marehemu zimesukwa zikatiwa nyuma ya kioo. Kuna enzi ya mitambaazi: majani na maua yanajipindapinda, mstari ulionyooka hauupati. Halafu enzi ya rula, pembe tupu, ungedhani kachora fundi ujenzi. Ananifundisha huku ananitukana. Wateja nao hawaponi. Alikuja mchumba mmoja na pete aliyoambiwa ni ya nyanya ya mumewe mtarajiwa. Mama Lenzi akaigeuza, akacheka mpaka akakohoa. "Huyo nyanya kazaliwa lini, mwaka jana?" Binti akatoka analia, mama mkwe wangu akaagiza chai.

Ana mdogo wake wa kike, ambaye sisi tunamwita mama mdogo. Huyu ndiye aliyemuuguza mama yao, bibi yetu, miaka yote aliyolala kitandani. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha kwa kijiko, kulala kwenye mkeka sakafuni ili asikie akiitwa. Kulikuwa na mwanamume aliyetaka kumwoa. Alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Mama Lenzi yeye alikuja Jumapili kwa Jumapili na chupa ya mafuta, akakaa kidogo, akaondoka kaziba pua.

Bibi alipokaribia kufa alimpa mama mdogo bruchi ya dhahabu ya majani yaliyojipinda. Akamwambia, nami nipo: "Hii aliivaa mama yake babu yenu siku ya harusi yake. Akanipa mimi kwa kuwa nilimuuguza. Sasa ni yako. Wewe ndiye uliyenipenda." Basi. Nyumba walichukua kaka zake, na mama mdogo hakudai hata sufuria. Maneno yale yalimtosha. Ukimpita jikoni ulimsikia akiyarudia peke yake.

Siku ya kugawana vitu, sebule imejaa ndugu, Mama Lenzi akanyoosha mkono. "Hebu niione." Akaigeuza, lenzi jichoni, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akapaza sauti asikike hadi uani.

"Mdogo wangu, unakiona hiki kikufuli cha kuzunguka kwenye kulabu, hapa pini inaponasa? Zamani kulabu zilikuwa tupu, hazina kufuli. Hizi za namna hii zimekuja mama yake babu keshaoza kaburini. Hii ni ya juzi. Dhahabu ndiyo, lakini hadithi hamna. Mama alikudanganya ili usichoke kumwosha."

Watu wakacheka. Wako waliocheka kwa aibu, lakini walicheka.

"Mama hakuwa mwongo, dada," mama mdogo akasema.

"Mimi sisemi kitu, inasema kulabu. Niachie dukani nikutafutie mnunuzi."

Mama mdogo hakumwachia. Kesho yake akaipeleka kwa sonara wa njia panda, yule anayenunua kwa uzito na kuyeyusha hapo hapo. Fedha akanunulia godoro. Akaja dukani kutuarifu, akasema hawezi kuvaa uongo kifuani.

Alipotoka tu, Mama Lenzi akapiga ukelele. "Kaiyeyusha! Mjinga! Majani yale yamechongwa kwa mkono, hakuna mawili yaliyolingana! Mitambaazi halisi! Maisha yangu yote sijashika nyingine kama ile!"

"Na kulabu je?" nikamuuliza.

"Kulabu si inabadilishwa? Ni kama soli ya kiatu, ikiisha unatia nyingine! Lehemu ilionekana hata kwa kipofu!"

"Kumbe ulijua."

"Angeniachia mimi," akasema, "ingekuwa hai mpaka leo." Analia, wallahi, analilia bruchi. Mkamia maji hayanywi, nikamwambia, na sikumwambia kwa upole.

Nikatoka mbio hadi kwa mama mdogo. Nilimkuta kwenye godoro jipya, nailoni hajaitoa. Nikamweleza yote. Uso wake ukafunguka, hata sauti ikamtoka ya msichana: "Kwa hiyo mama alisema kweli?" Akamwita dada yake aje aseme mwenyewe.

Mama Lenzi akaja, macho makavu. Akaapa. "Mke wa mwanangu unamjua. Tangu nimnyime funguo za duka ananitafutia ubaya. Kama ana ushahidi, aulete tuugeuze." Ushahidi gani? Ulikuwa donge kwenye chungu cha sonara. Mama mdogo akanitazama kwa huzuni, akaniomba ugomvi wangu nisiupitishie kwa marehemu.

Sasa Mama Lenzi kavimba miguu, hatembei. Sisi wanawe tunasukumiana zamu kwa visingizio. Aliyehamia kwake na godoro lake ni mama mdogo. Kaburini kwa mama yake haendi tena. Anasema hana la kumwambia.

Juzi nimemkuta kapiga magoti, mguu wa dada yake mapajani, anamkata kucha.

"Mama mdogo, hata huyu?"

"Mwanangu, katika nyumba yetu yote," akasema bila kuinua kichwa, "huyu ndiye pekee aliyeniambia ukweli."

Mama Lenzi akanitazama. Kisha akauinua mguu wa pili, akamwekea mapajani.